Mizani Nane za Kijumwa

Kisa cha Fumo Liyongo kinachokumbukwa na wengi ni cha mkate wa wishwa. Shujaa yumo gerezani. Mama yake anampelekea vyakula vizuri kwa mkono wa mjakazi Saada, na walinzi wanavila vyote. Basi mama anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani yake, walinzi wanautazama kwa dharau na kuuacha upite. Usiku ule Liyongo anakata pingu zake, na nje ngoma ya gungu inarindima kwa vishindo vinavyofunika mlio wa chuma. Kisa hiki tumekisoma kwa nathari tangu utotoni. Wachache ndio waliokisoma kama alivyokitengeneza Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913: kwa mizani nane nane, vina vitatu vinavyobadilika kila ubeti na cha nne kisichobadilika, kuanzia bismillahi hadi tamati.

Juu ya Liyongo mwenyewe yameandikwa mengi. Wanahistoria wanabishana aliishi karne gani, na wenyeji wa delta ya Tana hadi Pate kila mmoja ana ushahidi wake. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Mimi hapa nina hamu ya fundi, na Kijumwa alikuwa fundi kwa maana zote. Alichonga milango na samani za mbao. Hati zake za Kiarabu zilikuwa safi kiasi kwamba watafiti wa Ulaya, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea kwa nakala za tendi za zamani. Alikuwa pia mpigaji kibangala na mtu wa ngoma. Mchongaji anayezungusha nakshi kwenye fremu ya mlango hana budi kupima kabla ya kugusa mbao, ili ua la mwisho lisije likakatwa katikati pale pembe zinapokutana. Utendi wa Kijumwa una beti zaidi ya 200, kila ubeti una mizani 32, na kila ua linafika kwenye pembe likiwa zima.

Tuanze na hizo mizani, kwa kuwa ndizo zinazodharauliwa zaidi. Mwanafunzi hufundishwa kuhesabu silabi kwa vidole, akishapata nane anaandika jibu kwenye karatasi ya mtihani na habari inaishia hapo. Lakini hesabu yenyewe ina siri zake. Mwana ana mizani mbili, mwa na na. Mtu naye ana mbili, kwa sababu m yake husimama peke yake. Mbuzi ana mbili, na mb yake imeshikana. Ila mbwa pia ana mbili, kwa sababu katika neno fupi kama hilo m huachana na mwenzake na kubeba mkazo. Nchi, nta, nne, zote ni mbili mbili. Maneno yaliyokuja na konsonanti mbili zilizogongana, kama sultani, humwachia mtunzi mlango: huweza kuyaghani kwa mizani tatu au kuyavuta yawe nne, na watunzi hawajawahi kukubaliana wote juu ya jambo hilo. Sikio la Mswahili linajua mambo haya kabla ya mwenyewe kwenda shule. Ndiyo maana msikilizaji asiyejua kusoma hukunja uso mara tu mghani anapozidisha silabi moja.

Kwa nini nane? Sina jibu la asili yake, ila najua nane inafanya nini. Kitenzi cha Kiswahili ni mzigo mkubwa. Ndani ya neno moja kimebeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo lenyewe. Akaufunga ni mizani tano, na tayari tumeshajua nani, lini, nini na amefanyaje. Zikibaki tatu zinatosha jina moja: akaufunga mlango. Nane kamili. Kwa kipimo hiki mshororo mmoja unabeba tendo moja na kitu kimoja, na hauna nafasi ya zaidi. Mtunzi hawezi kuweka vivumishi vitatu wala kuanza sentensi ndani ya sentensi. Kila mshororo ni hatua moja ya hadithi, na hatua nne hufanya ubeti. Anayesimulia kwa mtindo huu anakwenda mbio hata kama hataki.

Ili tusiseme hewani, nitatunga beti zangu mwenyewe za kuchezea, zisizo na thamani nyingine yoyote. Ubeti wa kwanza:

Jahazi likaondoka,
Bahari ikachafuka,
Na tanga likapasuka,
Nahodha akatulia.

Mizani zimetimia, vina vimetimia, kisa kinaeleweka. Na bado ubeti huu ni mbovu, na ubovu wake hauonekani kwa kuhesabu vidole. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika mshororo wa mizani nane, silabi ya saba ina mkazo sikuzote. Hapo mtunzi hana hiari. Uhuru wake uko mwanzoni. Sasa soma tena kwa sauti: jaHAzi, baHAri, na TAnga, naHOdha. Mishororo yote minne inakanyaga silabi ya pili. Ni mwendo wa mtu anayetwanga kisamvu. Nimeufanya hivyo makusudi, na katika magazeti yetu beti za namna hiyo zimejaa tele, sahihi kwa kila sheria na zinazochosha ajabu.

Ubeti wa pili:

Akawaita vijana,
Wote wakashikamana,
Kwa usiku na mchana,
Wakiomba na kulia.

Hapa mkazo wa kwanza uko silabi ya nne, kisha ya kwanza, kisha ya tatu mara mbili. Mwanzo wa mshororo unahama, mwisho umekaa pale pale. Sikio linapata vitu viwili kwa pamoja, kushtushwa na kutulizwa. Mghani hodari ndivyo anavyotembea, na ukisoma Kijumwa kwa sauti utaona kwamba ni nadra mishororo minne mfululizo kuanza kwa mguu ule ule. Sidhani kwamba alikaa akipiga hesabu za mikazo kwenye karatasi. Alikuwa mtu wa ngoma, na kwa mtu wa ngoma goma moja likirudiwa bila mchepuo ni kosa hata kabla hajajua kwa nini.

Ubeti wangu wa pili, hata hivyo, una ugonjwa mwingine. Mshororo wa tatu, ule wa usiku na mchana, umekaa pale kwa ajili ya kina tu. Haukuongeza kitu. Wahakiki huuita kijazo, na tendi nyingi, zikiwemo zenye majina makubwa, zimejaa vijazo: kwa hakika, nawaambia, fahamuni, pasipo shaka. Dawa yake ni kutafuta kina kile kile ndani ya hadithi yenyewe. Tanga lilipasuka katika ubeti wa kwanza. Basi vijana walishone:

Akawaita vijana,
Wote wakashikamana,
Tanga lile wakashona,
Wakiomba na kulia.

Kina ni na bado, ingawa irabu iliyokitangulia imebadilika kutoka a kuwa o, na sasa mshororo umefanya kazi mbili: umetimiza kina na umeukumbusha ubeti uliopita. Mshororo wa namna hii ndio unaomtofautisha fundi na mhesabu silabi.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi juu ya vijazo. Utenzi ulitungwa ughaniwe mbele ya watu, na katika kikao kuna mtoto anayelia, kuna kahawa inayopitishwa, kuna mzee aliyechelewa anayepokelewa kwa salamu. Mghani anapotamka fahamuni au sikiani, anawapa watu nafasi ya kuvuta pumzi, na yeye mwenyewe anapata sekunde mbili za kuukumbuka ubeti unaofuata. Kijazo kinachomwelekea msikilizaji nakisamehe. Kijazo kinachojielekea chenyewe, kama pasipo shaka mahali ambapo hakuna aliyetia shaka, sina huruma nacho.

Sasa vina. Mpangilio wenyewe una nasaba na ule wa musammat wa Waarabu: mishororo mitatu ya kina kimoja na wa nne wa kina kingine kinachorudi kila ubeti. Hesabu ya silabi ni ya Waswahili wenyewe, maana Waarabu hupima kwa urefu na ufupi wa silabi, jambo ambalo lugha yetu haina. Kina kinachorudi ndicho kina cha bahari. Mtunzi akikichagua katika ubeti wa kwanza, amefunga nacho ndoa isiyo na talaka. Mwengo wa Athman, aliyetunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, aliishi na kina chake kwa beti zaidi ya 1,000. Mgeni bin Faqihi katika Rasi’l Ghuli alikwenda zaidi ya 4,000. Shaaban Robert naye, alipoandika utenzi wa vita vya 1939 hadi 1945, alijifunga kwa maelfu ya beti.

Kijumwa alichagua ya, kama alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu katika wosia wake kwa bintiye mwaka 1858. Watu husema ni kina rahisi, na kusema kweli ni rahisi. Kilichonivutia mimi ni kile ambacho kina hicho kinaufanyia usimulizi. Maneno ya Kiswahili yanayoishia kwa ia, ambayo Lamu huandikwa na kutamkwa iya, kwa sehemu kubwa ni vitenzi: ingia, sikia, tulia, kimbia, rudia, ambia, na jeshi zima la vitenzi vilivyonyambuliwa kwa kauli ya kutendea. Anayechagua bahari ya ya anajilazimisha kumaliza karibu kila ubeti kwa tendo. Mtu ameingia. Mtu amesikia. Mtu amekimbilia. Ubeti haumaliziki kwa maelezo ya sura ya kitu bali kwa jambo lililotokea, na jambo lililotokea linadai swali la nini kikafuata. Kina cha bahari cha Kijumwa kinaisukuma hadithi mbele beti zote zile, na msikilizaji hajui kinachomsukuma.

Hapa kuna ustadi mwingine ambao ni wa lugha kuliko wa mtu. Kiswahili cha kawaida huweka kitenzi kabla ya kitu kinachotendwa: akaufunga mlango. Mtunzi anayetaka kitenzi kikae mwisho inambidi apindue: mlango akaufunga. Hesabu bado ni nane. Katika lugha nyingi kupindua hivyo kungeleta mashaka ya nani kafanya nini. Kwetu hakuna mashaka, kwa sababu ile u iliyomo ndani ya akaufunga imeshika mkono wa mlango, popote mlango ulipo. Upatanisho wa ngeli, unaowatoa jasho wageni wanaojifunza lugha yetu, ndio uliompa mtunzi wa utenzi uhuru wa kupanga maneno. Sasa tumpe kina cha bahari: mlango akaufungia. Aa, zimekuwa tisa. Basi mtunzi wa Lamu anaidondosha a ya mwanzo, anasema mlango kaufungia, na nane zinarudi. Walimu huita hiyo inkisari, na katika tendi za kaskazini udondoshaji huu wa a mbele ya ka ni wa kawaida kama chumvi. Ukitaka kurefusha kuna mazida, enda ikawa enenda. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kilizipanga sheria za utungaji kwa ukali wa hakimu, na vizazi vya watunzi wa Tanganyika na Kenya vimekulia humo. Nakiheshimu kitabu hicho. Ila ukiwasoma watunzi wa Lamu na Pate utagundua kuwa sheria nyingi walizitii kwa sikio kabla hazijaandikwa, na nyingine walizivunja bila kuomba radhi.

Kuna jambo kuhusu vina vyetu ambalo halisemwi vya kutosha. Kina cha Kiswahili ni silabi ya mwisho, na silabi ya mwisho ndiyo isiyo na mkazo. Katika mazungumzo hufifia, ukiwa mbali huisikii. Utenzi umeichukua silabi hiyo nyonge ukaifanya nguzo. Inawezekanaje? Kwa sababu utenzi huimbwa, na mghani huivuta silabi ya mwisho mpaka inapata uzito iliyonyimwa na mazungumzo. Ukiusoma utenzi kwa macho, vina vinaonekana vidogo, silabi moja moja, kazi ya mtoto. Ukiusikia ukighaniwa, ile ya inayorudi mwisho wa kila ubeti inakuwa kama kiitikio cha umati, ingawa umati umenyamaza. Ushairi wa tarbia una vibwagizo vyake vya maneno, mstari mzima ukarudiwa ubeti kwa ubeti. Utenzi hauna. Kinachorudiwa ni sauti tupu, na maneno yanayoibeba ni mapya kila mara.

Waingereza na Waskoti wana utungo unaokaribia sana tendi zetu. Wao huuita baladi: hadithi za kuimbwa za mapenzi, mauaji, ajali za baharini na mizimu, zilizopita kutoka mdomo hadi mdomo kabla ya kuandikwa. Mmarekani Francis James Child alikusanya 305 kati yake na kuzichapisha kati ya 1882 na 1898. Ubeti wa baladi kwa kawaida una mistari minne kama wetu. Lakini wao hawahesabu silabi, wanahesabu mikazo, minne kisha mitatu, minne kisha mitatu, na kina hukutanisha mstari wa pili na wa nne. Ubeti ukiisha, kina kimeisha, unaofuata huanza na chake. Kwa hiyo kila ubeti wa baladi umesimama kwa miguu yake, na waimbaji huweza kuuondoa mmoja au kuongeza mwingine bila jirani kudhurika. Utenzi umefungwa kwa kamba moja ndefu. Kila mtindo una faida yake, na sioni haja ya kuwapa wenzetu wala kujipa medali.

Walipotushinda, au tuseme walipokubuhu zaidi, ni katika kurudia kwa kubadilisha. Baladi hutamka ubeti, kisha huutamka tena karibu neno kwa neno, ila neno moja limebadilika, na katika neno hilo ndimo msiba ulimo. Wahakiki wengi wa tenzi hutaja marudio kama udhaifu, kana kwamba mtunzi aliishiwa. Nadhani hawajasikiliza. Nirudi kwenye jahazi langu, na mishororo mitatu inayofungua beti tatu zinazofuatana:

Nahodha akauliza…
Tena akawauliza…
Ya tatu hakuuliza…

Sijaeleza kitu, lakini msomaji amekwisha kuogopa. Mara mbili zimemzoesha, ya tatu imemnyima alichozoea. Marudio hayo mawili ya mwanzo ndiyo yaliyogharamia ukimya wa tatu. Bila hayo, kusema kwamba nahodha hakuuliza ni habari tu.

Sasa tazama kisa cha mkoma katika utendi wa Liyongo. Watu wa porini wamepangwa na Sultani wa Pate wamuue. Wanafanya naye urafiki, wanakula kikoa, na zamu ikafika ya kula makoma. Makubaliano ni kwamba kila mmoja atapanda mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, atakapokuwa juu hana silaha, watampiga mishale. Kikoa chenyewe ni marudio. Mmoja anapanda, anashuka. Mwingine anapanda, anashuka. Hadithi ina zamu na ubeti una zamu, na msikilizaji anahesabu zamu huku anahesabu vina, anajua kabisa ya Liyongo itakuja. Inapokuja, Liyongo hapandi. Anavuta upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Mrudio umevunjika, shujaa amepona, na wauaji wameona kwa macho yao mishale ile ingeweza kuwafanya nini. Sijui kisa kingine katika tendi zetu ambamo umbo la tukio na umbo la ubeti vimekaa pamoja vizuri hivyo.

Mkate wa wishwa nao umejengwa vivyo hivyo. Saada anakuja na chakula, walinzi wanakichukua. Anakuja tena, wanakichukua tena. Mazoea yakishaota mizizi ndipo wishwa unapoingia, na mara hii hawauchukui. Uroho wa walinzi ni tabia, na tabia ni marudio. Mama wa Liyongo alimshinda Sultani kwa kujua kitu ambacho kila mtunzi mzuri anakijua: ukimzoesha mtu jambo, umemfumba macho kwa jambo lifuatalo.

Mtego wa mwisho ni wa mwana. Kijana wa Liyongo mwenyewe anaahidiwa na Sultani cheo pamoja na kuozwa binti yake, anakwenda kumwuliza baba siri ya kinachoweza kumwua, na baba, ambaye amekwisha kunusa usaliti, anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Hapa Kijumwa anapunguza mwendo. Mazungumzo ya baba na mwana yanapewa beti zake kwa utulivu, mmoja anasema, mwingine anajibu, kamwambiya huyu, kamwambiya yule. Kile kitenzi cha kuambia, ambacho kwingineko kilikuwa chombo cha kawaida cha kufikia bahari, hapa kinaanza kuuma. Kina ni kile kile cha beti za furaha. Sauti haikubadilika hata kidogo, na baba anamkabidhi mwanawe kifo chake kwa silabi ile ile iliyotumika kukaribishia wageni. Mtunzi wa zama zetu angetafuta hapa kina kizito, cha huzuni, angevunja mizani ili tuone uchungu wake. Kijumwa hakugusa kitu. Mimi naona uamuzi huo wa kutogusa ndio kilele cha ufundi wake.

Kisha Liyongo, amekwisha kuchomwa na mwanawe, anatoka hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde, na anakufa katika hali hiyo. Watu wanaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika. Mji unateseka kwa kiu. Mama yake anakwenda kumbembeleza. Mpaka mwili unapoanguka ndipo wanapojua kwamba muda wote ule walikuwa wakimwogopa maiti. Beti zinaendelea kutembea, nane, nane, nane, nane, ya. Hadithi imesimama kabisa, hakuna anayefanya lolote, na bado mizani zinapiga. Msikilizaji anausikia wakati unapita juu ya mtu aliyepiga goti.

Miaka ya 1970 palizuka ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake Kichomi mwaka 1974. Upande mmoja ulisema utungo usio na vina na mizani si ushairi wa Kiswahili. Mwingine ukasema vina na mizani ni minyororo. Kichomi nakipenda, na sikubali kwamba Kezilahabi hakuwa mshairi. Lakini ugomvi ule ulitudhuru kwa namna moja: uliwafanya watetezi wa vina na mizani wazitetee kama mila, kama mtu anavyotetea mpaka wa shamba la babu, badala ya kuonyesha zinafanya kazi gani. Na wapinzani wao wakaamini kwamba hazina kazi. Matokeo yake tunayaona madarasani, ambako kijana anaulizwa utenzi una mizani ngapi, anajibu nane, anapewa alama, na hakuna aliyemwuliza nane zile zimemfanyia nini Liyongo, zimemfanyia nini mama yake.

Si tenzi zote zinazostahili subira hii. Nyingi za vita zina kurasa na kurasa za farasi, panga na majina ya wapiganaji, ambako kina kinamwongoza mtunzi badala ya mtunzi kukiongoza. Nimezisoma na nimesinzia. Hata Kijumwa ana beti za kuvukia tu, za kumtoa mtu hapa na kumpeleka pale. Lakini ukizichukua sehemu tatu nilizozitaja, mkoma, mkate na kisima, sidhani kwamba kuna usimulizi wa kishairi katika Kiswahili uliozipita.

Abdilatif Abdalla aliuhariri utendi huu, ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Nakala si rahisi kupatikana madukani, lakini maktaba za vyuo vikuu vyetu bado zinazo. Ukiipata, usiisome kimya kimya. Tafuta mtu mwingine wa kusikiliza, anza na kisa cha mkoma, na kila ufikapo kwenye ya ivute kidogo kuliko unavyoona ni heshima.